Uzio wa Baba Pale Bombambili

Nianze kwa kukiri kwamba mimi nina hasira za karibu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa tayari nimenuna, na mkunga ikabidi aniombe radhi. Kwa hiyo mtu asishangae akinisikia nagomba humu. Kwangu mimi kugomba ndiyo kuongea.

Miaka ninayoizungumzia ni ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tuliamka siku moja tukakuta maduka ya Songea mjini yamefurika vitu ambavyo hata hatukujua kuviomba: dawa ya meno yenye mistari, redio za kaseti milango miwili, viatu vya raba vyenye taa kwenye kisigino. Na katika miaka hiyo hiyo watu wazima walikuwa wakirudishwa nyumbani kutoka kazini. Hakuna aliyesema wamefukuzwa, jamani, hata kidogo. Walisema wamepunguzwa.

Baba yangu alipunguzwa. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala kubwa pale mjini, mtu wa magunia na kamba na mihuri, na alikuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi sijaota meno. Siku ya pili baada ya kupunguzwa aliamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, akanyoa ndevu, akavaa suruali iliyonyooshwa, akachomeka kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, akaenda kukaa barazani. Saa nne akaingia ndani kunywa chai, kwa sababu kazini chai ilikuwa saa nne. Saa tisa na nusu akavua viatu. Mama akamwuliza, "Umerudi?" Baba akajibu, "Nimerudi," bila hata kutabasamu. Hivyo ndivyo alivyoishi karibu mwaka mzima.

Mama hakuwa na nafasi ya kukaa barazani na mtu. Alikuwa akiuza mitumba sokoni, na nyumba yetu ya Bombambili ilikuwa inanuka ile harufu ya belo iliyofunguliwa sasa hivi, harufu ya sanduku la bibi wa Kizungu. Wazee wa mtaani bado walikuwa wakiziita nguo hizo kafa Ulaya, lakini wake zao walikuja kuchagua kabla hata kamba hazijakatwa. Yaliyododa, yaani yale ambayo hata mtu wa kijijini kabisa hayataki, mama aliyarundika kwenye kona ya uani: pazia lisilo na mwenzake, joho jeusi ambalo hatukuwahi kujua lilikuwa la padri au la hakimu, mitandio yenye manyuzi marefu, mkoba uliochakaa mkanda.

Ndani ya mkoba huo baba akakuta gazeti la Kizungu, lile la karatasi za kuteleza. Lilikuwa na picha ya uzio.

Sasa niwaeleze. Uzio wetu sisi ulikuwa wa mianzi iliyofungwa kwa kamba, kama wa kila mtu, kazi yake ni kuzuia mbuzi wa jirani wasile mchicha wa mama. Ule wa pichani ulikuwa na vituko. Ulikuwa umetundikwa sahani zilizopasuka, matairi ya baiskeli yasiyo na mpira, taa za chemli, viatu vilivyooteshwa maua, vitambaa vya kila rangi vikining'inia. Baba aliuangalia siku nzima. Jioni nilipotoka kufundisha, maana nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, akaniita.

"Mwalimu," alisema. Akiniita mwalimu nilijua kuna kazi. "Hapa wanasemaje?"

Nikasoma kwa kujiamini kuliko nilivyoelewa. Nikamwambia wanasema huu ni mtindo wa watu wa sanaa, watu wanaoishi wapendavyo, wasiopenda kitu chochote kikae kwenye mstari.

Baba, ambaye alikuwa amepanga magunia kwenye mstari zaidi ya miaka ishirini, akasema, "Ehee." Akalikunja gazeti akalitia mfukoni, nyuma ya zile kalamu.

Kesho yake saa mbili asubuhi hakukaa barazani.

Alianza na vizibo vya soda. Alivikusanya kwenye vilabu na maduka mpaka watu wakadhani ameingia shindano la kampuni. Alivitoboa kwa msumari uliochomwa kwenye jiko la mkaa, akavitunga kwenye waya, kimoja kimoja, akatengeneza mapazia yanayolia upepo ukipita. Kisha ringi mbili za baiskeli. Alizisuka kwa vipande vya mitandio ya mama kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa ustadi ambao sijui mikono ile ilikuwa imeuficha wapi. Sahani za bati zilizotoboka alizipaka rangi ya mafuta ya bluu iliyobaki kwenye mlango, akachora samaki. Mimi nikamwambia hao si samaki, ni makasia. Akasema samaki wa Nyasa wako hivyo. Buti zangu za mvua zilizopasuka, ambazo nilikuwa nimezitupa kwa akili zangu timamu, nikazikuta getini zimejazwa udongo na maua mekundu yanachungulia. Makopo ya mafuta ya kula akayapanga juu, akayapandia maua ya aina nyingine, na kila kopo akaliandikia namba. Namba hakuweza kuziacha.

Mama alikufa kwa kicheko. "Mume wangu," alisema kila akirudi sokoni, "leo umemtundika nani?" Akambandika jina la fundi cherehani wa mianzi. Akawaambia wateja wake kwamba mzee kapata wazimu kidogo ila ni wazimu wa mchana, usiku analala vizuri. Baba alitulia tu. Nikimwambia watu wanapita wanacheka, alilitoa gazeti mfukoni akalifungua: "Wazungu wenyewe wanafanya." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa dunia nzima.

Na niseme ukweli, ingawa unaniuma kwenye ulimi: ulikuwa unapendeza. Asubuhi jua likitokea upande wa Matogoro, vile vizibo viliwaka vyote kwa pamoja, na mtu akipita na baiskeli alipunguza mwendo. Lakini sikumwambia. Nilikuwa na kazi ya kumkosoa samaki.

Tatizo lilianzia kwenye rangi. Baba alipofika upande wa getini aliishiwa mitandio, akageukia yale yaliyobaki kwenye kona: shuka jeupe, lile pazia lisilo na mwenzake ambalo lilikuwa jekundu, na joho jeusi. Akayachana yote vipande virefu. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Akavifunga kwa mpangilio kutoka nguzo hadi nguzo, na kati ya kitambaa na kitambaa akaning'iniza vibuyu vidogo alivyovikausha mwenyewe.

Msomaji wa kwetu hapo ameshashika kichwa. Mtu yeyote aliyezaliwa upande huu anajua nyumba yenye vitambaa vya rangi hizo tatu mlangoni, na vibuyu juu yake, ni nyumba ya nani. Mama alijua. Mimi nilijua. Jirani yetu mmoja, mama mcha Mungu, alikuja kabisa kusema, "Baba, hizi rangi zitakuletea wageni." Baba akamjibu kwamba yeye ni Mkatoliki, anajulikana, anakaa benchi la tatu kila Jumapili, na rangi zinapatana. Alikuwa mtu wa stoo; alikuwa ametumia alichonacho mpaka kikaisha, na hakuona kosa liko wapi.

Wageni wakaja kweli.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiyao kutoka upande wa Tunduru, amejitanda vizuri, kuku mweusi kwapani. Alisimama getini akasema, "Asalaam aleikum, mganga." Nilikuwa nafua. Nikataka kumwambia amepotea, lakini baba alikuwa ameshamkaribisha kwenye benchi. Maana baba asingeweza kumwacha mtu amesimama, hata mtu huyo awe amekuja kwa makosa.

"Mimi si mganga, mama," alimwambia. "Ila kaa, pumzika. Una shida gani?"

Yule mama akasema hana usingizi. Mtoto wake wa kwanza alikwenda Dar es Salaam, na huu ni mwaka na nusu hajaleta salamu. Kwao wamemwambia mtoto amefungwa na jicho la watu. Baba akamsikiliza. Alimsikiliza saa mbili nzima, chai ya saa nne ikapoa mezani. Mwisho akatoa ile kalamu, akaomba karatasi kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, tena bila kuniuliza, akaandika barua. Alimwuliza kila kitu: kijana anafanya kazi gani, anakaa na nani, nani mwingine wa kwao yuko Dar. Akaiandika barua kwa huyo mwingine. Akamwambia, "Peleka posta. Na kuku wako nenda naye." Mama yangu, aliyekuwa ameshaanza kufikiria vitunguu, alisikitika sana juu ya huyo kuku.

Baada ya wiki kadhaa yule mama akarudi, safari hii bila kuku, na shangwe kutoka getini. Kijana amejibu! Yuko hai, alikuwa anaumwa, amepona. "Alhamdulillahi, mganga!" Baba akamkumbusha kwamba yeye si mganga. Yule mama akacheka akasema waganga wazuri wote wanasema hivyo.

Basi, hapo ndipo tulipokwisha. Habari zikasambaa kwamba Bombambili kuna mganga anayetibu kwa barua. Wakaja wenye wake waliokimbia, wenye mashamba yenye ugomvi, wenye watoto waliogoma shule. Wengine walikuwa wagonjwa kweli, na hao baba aliwaandikia karatasi fupi, "Nenda hospitali leo, usingoje kesho," akaikunja mara nne, wakaipokea kwa mikono miwili wakaenda hospitali mbio, jambo ambalo wauguzi walikuwa wamewasihi miaka yote. Hakupokea kitu. Ila alianza tena kula vizuri. Alianza kuimba akinyoa ndevu. Mama akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa na utani, "Mwache, mwanangu. Baba yako amerudi kazini."

Ningemwacha. Lakini na mimi nilikuwa na langu.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa fundi redio, amepanga chumba Mfaranyaki, kijana mpole mwenye vidole vilivyoungua kwa bati la kuunganishia nyaya. Nilimpenda, na nalisema hivyo bila kujizungusha. Kwetu kijana hafiki nyumbani kwa binti kabla ya wakubwa wake kuja kubisha hodi, kwa hiyo, kwa heshima hiyo, hakuwahi kupita mtaa wetu. Na mimi, mwalimu mzima, nilikuwa sijamwambia habari za uzio. Ningeanzia wapi?

Wazazi wake walikuwa wamefariki. Aliyemlea alikuwa mjomba wake kule Madaba, mkulima na katekista, mtu aliyekuwa akienda kigango kwa kigango kwa miguu kufundisha watoto sala. Bila huyo mjomba hakuna posa, na bila posa hakuna ndoa kanisani, na mimi sikuwa mtu wa kutoroshwa. Siku ikapangwa. Shangazi yangu akaja kutoka kijijini, mama akapika, mimi nikafungiwa chumbani kama mila inavyotaka. Tukangoja. Saa nne, saa sita, saa nane. Wali ukawa uji. Hakuna aliyekuja.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mchumba wangu alisimama mbali kidogo nje ya kanisa, ananikwepa macho.

"Walifika," alisema. "Walifika mpaka getini kwenu."

Akanieleza. Mjomba, mkewe na mshenga wao walishuka kwenye basi, wakauliza njia kwa mtu wa baiskeli: nyumbani kwa mzee aliyekuwa mtunza stoo. Yule mtu akasema, "Ah, kwa mganga wa barua! Nyoosheni tu, mtaona vitambaa." Wakanyoosha. Wakaviona vitambaa, nyekundu, nyeupe, nyeusi, na vibuyu. Mjomba akafanya ishara ya msalaba, akageuka, wakapanda basi la kurudi Madaba bila hata kunywa maji.

"Anasema hawezi kuingia na rozari yake kwenye nyumba ile," aliniambia. "Nimembembeleza mpaka nimelia. Amekubali kuja tena Jumamosi ijayo, mara moja. Akikuta vile vitu, basi tena. Na mimi siwezi kumvuka. Amenilea."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka baba alikuwa juu ya stuli, anafunga kioo cha pembeni cha lori, amenyoosha shingo anajaribu kukitega ili kishike jua. Akaniona kwenye kioo. Akatabasamu kwenye kioo.

"Mwalimu! Njoo uone, ukisimama hapa unaona mpaka—"

"Baba, umeniharibia!" nilipiga kelele. Getini, mtaa mzima unasikia, na nguo zangu za kanisani. "Umeniharibia maisha! Tangu wakupunguze kazini umekuwa kichekesho cha watu! Wenzako wamelima, wenzako wamefungua vibanda, wewe unatundika matambara! Watu wamekuja kunichumbia wamekimbia, wamekukimbia wewe!"

Nilisema na mengine. Hayo yanatosha. Mama alitoka ndani na mwiko mkononi, akasimama.

Baba alishuka kwenye stuli taratibu. Akafuta mikono kwenye suruali, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa suruali iliyonyooshwa.

"Wanakuja lini?" aliuliza.

"Jumamosi."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Haya," alisema. "Saa nne watakuta pako tayari." Akaingia ndani.

Ilimchukua siku nne. Mama alitaka kumsaidia, akakataa. Mimi nilikwenda shule na kurudi, na kila nikirudi uzio ulikuwa umepungua. Hakukata waya wala kuchana kitambaa hata kimoja. Alifungua mafundo yote kwa kucha. Vizibo alivitia kwenye gunia lao, sahani gunia lao, vitambaa akavikunja kwa rangi. Maua aliyahamishia nyuma ya choo. Magunia akayashona midomo kwa sindano ya stoo, akayapanga kwenye chumba cha uani, kwenye mstari.

Alhamisi akaja dada mmoja na mtoto mgongoni, akasimama barabarani akitazama huku na huku. "Samahani, mzee, shikamoo. Nilielekezwa kuna mganga wa barua hapa."

"Marahaba," baba alisema. Alikuwa ameshika stuli. "Siyo hapa, binti yangu."

Nilikuwa dirishani. Ningeweza kutoka nikamwita yule dada arudi. Mwenzenu nilikuwa nafikiria Jumamosi.

Jumamosi wakaja. Uzio ulikuwa mianzi mitupu, yenye alama za waya na madoa ya rangi ya bluu, mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya yote, maana sasa macho yangu yalijua kinachokosekana. Nikawasikia kutoka chumbani nilikofungiwa na shangazi: "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina!" Shikamoo nyingi, viti vikiburuzwa. Mshenga akasema maneno ya mshenga kwa kuzunguka mlima mzima, kama inavyopaswa. Kisha ikaamuliwa binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama anawafahamu wageni hawa na kama wapokelewe. Hiyo ndiyo desturi: binti anaulizwa, anajibu neno moja, basi. Shangazi alinionya, "Neno moja tu, usije ukaanza ualimu wako."

Nikaingia nimejifunika khanga, nikapiga magoti kwenye mkeka. Katekista alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la miaka mingi na macho mazuri. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Akainua mkono.

"Kabla binti hajaulizwa," alisema, "mimi nina jambo, na nisiposema litanisumbua. Siku ile tulifika hapa. Tulikuta vitambaa na vibuyu getini, na tuliambiwa kuna mganga. Leo naona havipo. Mimi si mtu wa kuhukumu. Nauliza tu, kwa sababu mtoto niliyemlea ataingia ukoo huu. Vile vitu vilikuwa vya nani?"

Mama alikuwa anaangalia sakafu. Baba alikuwa amekaa wima, kalamu mbili mfukoni, na nikaona anafungua mdomo. Nilimfahamu baba yangu. Angesema ukweli wote, kuanzia kwenye gazeti mpaka mkoba uliokuja nalo, na angelitoa mfukoni awaonyeshe picha.

"Vya mpangaji," nilisema.

Shangazi alinifinya mgongoni mpaka nikaona nyota. Binti hajaulizwa anajibu! Lakini neno lilikuwa limeshatoka, nikaliongezea na mkia: "Alipanga chumba cha uani. Ameshahama."

Katekista akamgeukia baba. Wote tukamgeukia baba. Aliniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Ningeshukuru kwa hasira. Aliniangalia namna anavyomwangalia mtu aliyemletea gunia pungufu na akaamua kulipokea.

"Ndiyo," alisema. "Mpangaji."

"Aaah!" Katekista alishusha pumzi, na mkewe naye, na mshenga akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Kumbe mpangaji! Na sisi tukakimbia! Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa ajabu kidogo," baba alisema. "Lakini hakuwa na ubaya."

"Mganga kweli?"

"Hapana. Alikuwa anaandikia watu barua."

"Na kazi yake hasa?"

"Kazi alikuwa hana," baba alisema. "Nadhani ndiyo maana."

Katekista akatikisa kichwa kwa huruma. "Wako wengi siku hizi. Wazimu kidogo, labda?"

"Mke wake alikuwa akisema hivyo."

Mama alijifunika uso kwa upande wa khanga, na wageni wakadhani anacheka. Wakacheka naye. Baba pia alicheka kidogo, kwa adabu, kama mwenye nyumba anavyocheka na wageni.

"Na sasa amehamia wapi?" mzee yule aliuliza, kwa wema tu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza habari za watu.

Baba alifikiri.

"Hakuaga," alisema.

Hapo ndipo iliponipasa nisimame niseme ukweli. Nilikuwa na mdomo ambao haukuwahi kushindwa na mtu, mdomo uliogomba na walimu wakuu na makondakta wa mabasi, na siku hiyo, kwa kitu pekee cha maana nilichowahi kutakiwa kusema, ukakauka. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya shughuli, "Haya, mwanetu, wageni hawa unawafahamu? Wapokelewe?"

Nikasema, "Wapokelewe."

Shangazi akapasua kigelegele. Baba alikuwa wa kwanza kupiga makofi na wa mwisho kuacha, ananitazama, anafurahi kwelikweli, maana alichokihamisha kilikuwa kimenipatia mume. Na mle ndani sisi watatu wa nyumba ile tulijua kwamba mpangaji bado amekaa pale, na kwamba aliyemfukuza ni mimi.